Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Rwenzori na Yaliyotokea Bujuku

Ndugu wanachama,

Najua wengi wenu leo mmekuja kwa ajili ya kipengele kimoja tu cha ajenda. Nitapita haraka kwenye yasiyo na ubishi, kisha nitakaa pale penye maneno.

Chama kiko salama. Wanachama wapya wameingia, baadhi ya wa zamani wamesahau kwamba kuna kitu kinaitwa ada, na mhazini atawasomea hesabu zilizokaguliwa mara nikimaliza. Matembezi ya kila mwezi yaliendelea, isipokuwa yale tuliyoahirisha kwa sababu ya mvua. Mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika na mahudhurio yalikuwa ya aibu. Kuna mahema ya chama ambayo hayajarudishwa. Walio nayo wanajijua, na mtunza vifaa anawajua pia.

Sasa Rwenzori.

Nianze kwa kukumbusha kwamba mkutano huu ndio ulioamua safari kubwa ya mwaka iwe mzunguko wa kati wa milima ya Rwenzori kwa upande wa Uganda, na ndio ulioamua tusiende kileleni. Nimesikia ikisemwa kwamba kamati iliwanyima watu Margherita, yaani kilele chenyewe. Margherita ni mita 5,109, na kuifikia kunataka kamba, vyuma vya kufunga chini ya viatu na mtu anayejua kuvitumia kwenye barafu. Wengi wetu hatujui. Tulichokipigia kura ni kuzunguka: kupanda bonde la Bujuku, kuvuka kipito cha Scott Elliot, mita 4,372, kati ya Mlima Stanley na Mlima Baker, kushuka hadi maziwa ya Kitandara, kuvuka kipito cha Freshfield, mita 4,282, kati ya Baker na Luigi di Savoia, kisha kurejea kwa bonde la Mubuku. Kwa kawaida ni safari ya kama wiki moja, na hifadhi hairuhusu mtu kuingia bila mwongozaji.

Tulichagua Julai kwa sababu ni mmoja wa miezi ya kiangazi huko. Kiangazi cha Rwenzori lakini kinahitaji koti la mvua. Asiyewahi kukiona kinamasi cha Bigo hawezi kuelewa kwa nini orodha ya vifaa ilisisitiza gambuti. Pale palipotandikwa mbao unatembea kama mtu wa mjini. Mbao zikiisha unaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine, na kila kichuguu kinayumba kabla hujaamua kama utakiamini. Ukikosea, tope linafika gotini, mguu unatoka na gambuti inabaki. Tulimwona mhasibu mmoja mwenye heshima zake akiwa amelala kifudifudi, mkono mzima ndani ya tope, akiitafuta yake. Waliokuja na viatu vya ngozi vya bei kubwa, kinyume cha maelekezo, walivibeba mgongoni siku zilizobaki.

Juu ya kinamasi ndipo ilipo Rwenzori ya kwenye picha: mimea mikubwa ya senesio iliyosimama kama watu wenye vilemba, na mingine ya lobelia mirefu kumzidi mtu. Sitaeleza zaidi, picha zitaonyeshwa baada ya chakula.

Suala la kwanza lililoletwa kwa maandishi ni gharama. Kamati iliongeza vitu viwili ambavyo havikuwa kwenye bei ya mwanzo: usiku wa pili kwenye kibanda cha John Matte, na mwongozaji msaidizi wa ziada. Baadhi yenu mliandika kwamba huo ni ufujaji. Hesabu ya usiku ule ni hii. Kibanda cha kwanza, Nyabitaba, kiko kama mita 2,650. John Matte ni takriban 3,400 au zaidi kidogo, kutegemea unasoma ramani ya nani. Kinachofuata, kibanda cha Bujuku, kinakaribia 4,000. Kanuni inayofundishwa kwa wapanda milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya kama mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku chache upumzike. Ratiba ya kawaida inavunja kanuni hiyo siku ya pili tu. Kwenye mita 4,300 kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 60 ya ile ya pwani, na mwili hauzoei hali hiyo kwa kuharakishwa, hata uwe na mapafu ya mkimbiaji. Vijana wetu wenye mbio ndio walioumwa vichwa kwanza.

Usiku ule wa pili ulitusaidia. Watu wawili watatu waliofika John Matte wakiwa hawataki kuona chakula walikula vizuri kesho yake. Ningeulipia tena, na ninapendekeza tuulipie tena.

Sasa Bujuku. Nimepata ridhaa ya mhusika kulieleza jambo hili bila kumtaja jina, na namshukuru, maana angeweza kukataa.

Mwenzetu alifika Bujuku jioni akiwa na maumivu ya kichwa. Alipewa dawa ya maumivu, akanywa maji, akalala. Usiku alitapika, na alfajiri alitapika tena. Asubuhi alisema amepata nafuu, akavaa, akafunga mkoba wake na kusimama kwenye mstari pamoja na wenzake. Mwongozaji mkuu alimwita pembeni, akamtembeza kwenye ubao mmoja kisigino kwa kidole. Alitembea sawasawa. Akapimwa oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, na namba ilikuwa ya kawaida kwa mwinuko ule. Kisha akaulizwa kama kichwa kimeacha kuuma. Kwa sifa yake alijibu kweli kwamba hakijaacha. Mwongozaji akasema huyu havuki.

Palizuka mjadala, na baadhi yetu tuliinua sauti kuliko ilivyopasa kwa wageni. Hoja za mwenzetu, ambazo baadaye alizileta kwa barua akidai arudishiwe sehemu ya fedha zake, zilikuwa mbili: kwamba alifaulu vipimo vyote, na kwamba kipito cha Scott Elliot ni mita mia nne tu juu ya pale, halafu mnashuka.

Hoja hizi zote zinaonekana nzuri, ndiyo maana nazijibu mbele yenu. Kutembea sawasawa kunaonyesha tu kwamba ubongo haujaanza kuvimba. Namba ya kidoleni inaonyesha oksijeni ya dakika ile. Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachofuta maumivu ya kichwa na kutapika, ambavyo ndivyo ugonjwa wa mwinuko wenyewe katika hatua yake ya kwanza; na mwenye dalili hapandi hadi ziishe, zikizidi anashuka. Hilo ndilo linalofundishwa kwenye yale mafunzo ambayo hamkuhudhuria.

La pili ndilo zito, na linahusu umbo la milima yenyewe. Ukiwa Bujuku, njia ya kurudi ni mteremko: unashuka bonde hadi John Matte, hadi Nyabitaba, hadi lango la Nyakalengija. Mgonjwa anaweza kutembea, na akishindwa anabebwa, na kila saa inayopita anazidi kuwa chini. Ukishavuka Scott Elliot ukalala Kitandara, mambo yamegeuka. Kitandara iko kama mita 4,000, imekaa kati ya vipito viwili. Kurudi nyuma lazima upande hadi 4,372. Kwenda mbele lazima upande hadi 4,282. Maji ya maziwa yale yenyewe yanateremkia upande wa Kongo, ambako hakuna kibanda chetu wala mpagazi wetu. Mtu akianza kupumua kwa shida usiku akiwa Kitandara, dawa ya kwanza ya tatizo lake, yaani kushuka, haipo. Kwa hiyo swali la mwongozaji pale Bujuku halikuwa kama mwenzetu angeweza kufika kwenye kipito. Alikuwa anauliza hali ya mwenzetu ingekuwaje usiku unaofuata.

Na hapo ndipo yule mwongozaji msaidizi wa ziada, aliyeitwa ufujaji, alipopata kazi. Alishuka na mwenzetu pamoja na mpagazi mmoja, na kundi likaendelea bila kupungukiwa. Kufika John Matte kichwa kilikuwa kimeacha. Tusingekuwa na mtu huyo, ama kundi zima lingerudi, ama mgonjwa angevushwa kwa kuwa hakuna wa kumshusha. Nadhani sote tunajua lipi kati ya hayo lingetokea.

Kamati imejibu barua hiyo kwamba fedha hazirudishwi, kwa kuwa huduma ilitolewa yote, na ya kumshusha ilizidi ile aliyoilipia. Mwenye kutofautiana na kamati ana haki ya kusimama leo.

Waliovuka walivuka salama. Kupanda kuelekea Scott Elliot kunapitia genge lililosongwa na senesio na matope, na kuna ngazi ya chuma iliyofungwa kwenye mwamba ambayo ikilowa haina huruma. Juu, ukungu ulifunguka kwa muda mfupi tukaiona barafu ya Stanley. Mtawala wa Abruzzi, yule mwana wa kifalme wa Italia, alipofika huko na msafara wake mwaka 1906 barafu ilikuwepo kwenye milima yote sita mikuu ya Rwenzori. Sasa iliyobaki ya maana iko Stanley, nayo inapungua. Anayetaka kuiona asiahirishe sana. Baada ya kipito cha Freshfield tulipumzika Bujongolo, chini ya mwamba ule ule ambao msafara wa Mtawala huyo uliufanya kambi, na nakiri kwamba mwamba ule ulikuwa mkavu kuliko vibanda viwili tulivyolala.

Hilo linanileta kwa kampuni iliyotuhudumia. Waongozaji wake ni wa daraja la kwanza. Ofisi yake siyo. Gesi ya kupikia ilipunguka kabla ya Kitandara, na tuliambiwa kuhusu magodoro mambo ambayo magodoro hayakuyathibitisha. Katibu ameandika malalamiko na tumepata punguzo dogo, mtaliona kwenye hesabu.

Kuhusu wapagazi, ambao wengi ni Wakonzo wa vijiji vya chini ya mlima: mizigo ilipimwa langoni kwa mizani yetu wenyewe, tukitumia kikomo cha kilo 20 kinachofahamika Kilimanjaro. Mikoba kadhaa ya wanachama ilizidi, na vitu vilitolewa mbele ya watu. Kulikuwa na pasi ya kunyooshea nguo. Bakshishi ilitolewa kwa mkono wa kila mmoja, kwa shilingi za Uganda, wote wakishuhudia, si kwa bahasha moja kwa kiongozi. Kulikuwa na mnong'ono kwamba utaratibu huu unachukua muda. Unachukua, ndiyo.

Kamati inaleta mapendekezo matatu yapigiwe kura. Kwanza, kila anayejiandikisha kwa safari ya juu ya mita 3,000 atie saini kwamba neno la mwongozaji kuhusu kurudi ni la mwisho, na kwamba hakuna marejesho ya fedha kwa sababu hiyo. Pili, hakuna safari ya aina hii bila waongozaji wa kutosha kuligawa kundi, na gharama yao iingizwe kwenye bei tangu siku ya kwanza ili isionekane nyongeza. Tatu, asiyehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza asiandikishwe. Najua la tatu litawauma wengi.

Mwenzetu wa Bujuku ameomba nafasi kwenye safari ijayo, na kamati imemkubalia kwa masharti yale yale ya wote. Fomu ziko kwa katibu. Anayezichukua aonyeshe stakabadhi ya ada.

Naomba sasa mhazini aje mbele.