Kwa Rehema, kuhusu chakula cha usiku

Tanga

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Salma na watoto wote. Ujumbe wako nimeupata. Unataka vyakula vya Kichina, vya Thailand na vya huko Mashariki ambavyo utavipika nyumbani siku za kazi, tena na tena, bila kujaza kabati chupa za sosi zitakazoisha muda wake hazijafika nusu. Nakupa vitano. Vyote vinapikika kwenye jiko lako la gesi la plate mbili na karai moja zito, na karibu kila kitu unakipata sokoni.

Kabla ya vipimo, shika jambo moja: mapishi haya huharibiwa na maji kuliko yanavyoharibiwa na kukosa viungo. Maji kwenye wali, maji kwenye nyama, maji kwenye tui. Kila chakula hapa chini kina mahali ambapo maji lazima yaondoke, na ukipaharakisha hapo, viungo vyote vya dunia havitakuokoa.

Anza na wali wa kukaanga, maana huo ndio utakaoupika mara nyingi zaidi. Wali wake ni kiporo, na si kwa sababu ya kubana matumizi tu. Wali uliotoka jikoni sasa hivi umejaa mvuke na wanga wake bado laini. Ukiutia karaini unashikana na kuvurugika. Ukilala kwenye friji, wanga unakaza, punje inakauka kwa nje na kukubali kukaangwa moja moja. Mchele uoshe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uchuje vizuri, kisha upunguzie maji ya kupikia. Mchele wa zamani vikombe 2, maji vikombe 2 na robo. Mchele mpya wa Kyela, ambao ni laini kwa asili, maji yake yasivuke vikombe 2. Ukiiva, umwage kwenye sinia, utandaze, upepee mpaka mvuke ukatike, halafu ufunike uingie friji ndani ya saa moja.

Hiyo saa moja usiipuuze, Rehema. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala mezani usiku kucha anatoa sumu ndani yake, na sumu hiyo haiondoki hata uukaange upya kwa moto mkali. Kwa joto la huku pwani, kiporo cha mezani ni cha kutupa.

Kwa watu watatu chukua wali vikombe 4, mayai 3, mafuta vijiko 3 vya chakula, karoti moja iliyokatwa vipande vidogo sana, njegere nusu kikombe zilizochemshwa na kukaushwa kwa kitambaa, shada moja la majani ya vitunguu, chumvi nusu kijiko cha chai na soya sosi kijiko 1 cha chakula. Vunja mabonge ya wali kwa mkono uliopakwa mafuta, na uweke kila kitu karibu kabla hujawasha moto, maana ukishaanza hutapata nafasi ya kukata karoti.

Pasha karai tupu mpaka lianze kutoa moshi mwembamba. Zungusha mafuta vijiko 2, mwaga mayai yaliyopigwa. Yatavimba pembeni papo hapo. Koroga mara tatu nne, uyatoe yakiwa bado yanang'aa. Ongeza kijiko cha mafuta kilichobaki, karoti dakika moja, kisha wali wote. Sasa bonyeza kwa mgongo wa mwiko, geuza, uache utulie chini sekunde kama 20, geuza tena. Anayekoroga bila kupumzika anaupoza wali na kuuponda. Utege sikio: mwanzoni utasikia mvuke ukifoka, baada ya dakika tatu hivi sauti inageuka kuwa ya kupasukapasuka, na punje zinaanza kurukaruka zenyewe karaini. Maji yameisha. Hapo ndipo zinaingia njegere, mayai na chumvi. Soya sosi imwage ukingoni mwa karai, kwenye chuma chenyewe, iungue kidogo kabla ya kukutana na wali. Majani ya vitunguu yaingie mwisho, uepue. Wali wenye rangi ya kahawia iliyokolea umeloweshwa, hata kama mkahawani wanaupenda hivyo. Na kama mko sita, kaanga mara mbili. Moto wa jiko la nyumbani ni mdogo. Ukijaza karai, wali unachemka badala ya kukaangika.

Kanuni hiyohiyo inatawala nyama ya ng'ombe ya hoho. Nyama yetu ni ngumu, na Wachina wana dawa yake. Nunua steki nusu kilo, iweke kwenye friza dakika 30 hadi 40 ikaze, ukate vipande vyembamba kama nusu sentimita kwa kukatiza nyuzi. Ukikata kufuata nyuzi, hakuna dawa itakayosaidia. Nyunyizia bikabonati ya soda nusu kijiko cha chai (ile ya dukani ya kuokea, siyo magadi), kanda, uache dakika 20. Inazuia nyuzi za nyama zisikazane sana zinapopata moto. Ioshe kabisa, vinginevyo itakuwa na ladha ya sabuni, kisha uikamue mpaka isidondoshe hata tone. Ichanganye na soya sosi kijiko 1 cha chakula, konifulawa vijiko 2 vya chai na mafuta kijiko 1 cha chakula. Kaanga mara mbili, nusu kwa nusu, dakika moja na nusu kila fungu, uitoe. Tia hoho mbili na kitunguu kimoja vilivyokatwa vipana, tangawizi na vitunguu saumu, dakika mbili tu, vibaki na ukakamavu. Rudisha nyama, mimina mchanganyiko wa soya sosi vijiko 2 vya chakula, sukari na konifulawa kijiko kimoja kimoja cha chai, na maji robo kikombe. Ukoroge kabla ya kuumimina, kwa sababu konifulawa hutuama chini, na usipokoroga utapata bonge moja na mchuzi wa majimaji.

Sasa mchuzi wa nazi wa kijani wa Thailand, ambao naupenda kuliko vyote. Sisi watu wa pwani tumefundishwa tui jepesi litangulie na tui zito liingie mwisho, likorogwe taratibu lisikatike. Wapishi wa Thailand wanaanzia pale tunapopakimbia: tui zito wanalikatisha makusudi, ili mafuta yake ndiyo yakaange viungo. Usipolijua hili, utapata mchuzi wenye harufu ya viungo vibichi, hata kama umetia kila kitu.

Viungo vitwange kwenye kinu kwa mpangilio huu, kikavu na kigumu kwanza. Mbegu za giligilani kijiko 1 cha chai na binzari nyembamba nusu kijiko, vyote vimekaangwa vikavu, pamoja na chumvi nusu kijiko. Mchaichai mabua 2: majani ni ya chai, wewe unataka sentimita 10 za chini kwenye shina, menya maganda ya nje, ukate visahani vyembamba, la sivyo nyuzi zitakukera mdomoni. Tangawizi kipande cha sentimita 2. Ukipata hulinjani mbichi, ule mzizi wa jamii ya tangawizi, ndiyo yenyewe hasa. Ganda la kijani la ndimu moja, likwanguliwe bila sehemu nyeupe, maana hiyo ni chungu. Pilipili mbichi za kijani 8, zile ndefu zisizo kali sana, na pilipili kichaa moja tu kwa ajili ya watoto. Vitunguu saumu punje 5, vitunguu maji vidogo 3, mashina ya giligilani kiganja kimoja. Mwisho uduvi mkavu kijiko 1 cha chakula, badala ya ule uduvi uliovundikwa wanaoutumia wenyewe. Ukitumia blenda, usitie maji. Tia vijiko viwili vya tui zito. Mchanganyiko wenye maji hauwezi kukaangika.

Nazi 2 zitakupa tui zito kikombe 1 ukizikamua kwa maji ya moto kidogo, halafu tui jepesi vikombe 2. Nusu ya tui zito iweke karaini peke yake, moto wa wastani. Litachemka kwa mapovu makubwa meupe. Endelea kukoroga. Baada ya dakika 5 hadi 8 mapovu yanakuwa madogo, tui linakuwa zito na kuchanikachanika, na pembeni utaona mafuta maangavu yamejitenga yakimetameta. Tia viungo vyote ulivyotwanga, ukaange dakika 4, mpaka harufu ya kitunguu kibichi ipotee na mafuta yaliyojitenga yawe ya kijani. Tui la kopo mara nyingi limetiwa vizuizi vinavyolifanya lisikatike; usipoteze gesi kulingoja, ongeza kijiko 1 cha mafuta ya kupikia uendelee.

Tia mapaja ya kuku nusu kilo yasiyo na mifupa, geuza dakika mbili, halafu tui lote lililobaki. Biringanya moja iliyokatwa vipande iingie likichemka. Dakika 10 hadi 12 zinatosha, bila kufunika. Kolezea kwa sosi ya samaki kijiko 1 na nusu cha chakula na sukari guru kijiko 1 cha chai, onja, kisha epua na utupie majani ya mrehani kiganja kizima. Mchuzi huu ni mwepesi kuliko kuku wa kupaka, na ndivyo unavyotakiwa. Usiutie bizari ya manjano wala nyanya.

Viungo hivyo twanga mara tatu ya kipimo Jumamosi, ugandishe mafungu kwenye friza. Jioni ya kazi chakula kitakuwa mezani baada ya nusu saa.

Siku ambayo huna nguvu ya kusimama jikoni, pika adobo ya Ufilipino. Kuku kilo 1 mwenye mifupa, siki theluthi moja ya kikombe, maji kiasi hichohicho, soya sosi theluthi moja ya kikombe, kichwa kizima cha vitunguu saumu vilivyopondwa, pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai na yale majani makavu ya kutia kwenye pilau (bay leaf), matatu. Usiongeze chumvi. Vyote vinaingia sufuriani pamoja. Wafilipino wana siki ya nazi na ya muwa, ambazo ni laini. Yetu nyeupe ya dukani ni kali, ndiyo maana nimeipunguza. Ikianza kuchemka usiifunike wala kuikoroga dakika 10 za mwanzo, ule ukali upae na mvuke. Kisha funika, moto mdogo, dakika 25 kwa kuku wa kisasa, saa moja na zaidi kwa wa kienyeji. Mtoe kuku, mkaange kidogo apate rangi, huku mchuzi ukikauka mpaka ubaki nusu na kung'aa. Usitumie sufuria ya alumini hapa: siki inaichubua na chakula kinapata ladha ya chuma. Ya stili au ya enameli ni salama. Adobo hukaa siku tatu kwenye friji, na kesho yake ni tamu zaidi.

Cha tano ni nyanya na mayai, chakula cha kila siku majumbani China, dakika kumi. Mayai 4 yenye chumvi kidogo yakaange kwa vijiko 3 vya mafuta ya moto, uyatoe yakiwa bado hayajakauka. Nyanya 4 zilizoiva hasa, zikatwe robo, ziingie na chumvi nusu kijiko cha chai na sukari kijiko 1. Hiyo sukari usiiruke. Bila yake uchachu unazidi. Zikishatoa maji yakawa mazito kidogo, rudisha mayai, geuza mara mbili, mwagia majani ya vitunguu. Hapa maji ya nyanya ndiyo mchuzi wa wali, kwa hiyo usiyakaushe yote.

Kwa hiyo chupa ni tatu tu: soya sosi, sosi ya samaki na siki. Sosi ya samaki ni dagaa na chumvi vilivyovundikwa. Harufu yake kwenye chupa ni kali, ikishapikwa inatulia. Ukienda kwenye mapishi ya Kijapani utakutana na mirin. Hiyo ni pombe, kwa hiyo iache, na hata soya sosi soma kibandiko utafute alama ya halali. Mafuta meusi ya ufuta ya Kichina hayana ulazima. Ni ufuta uliokaangwa kabla ya kukamuliwa, ndiyo maana yale meupe ya kwetu hayanukii vile. Kaanga kijiko cha ufuta mkavu, ule unaolimwa Lindi na Mtwara, uponde kidogo, unyunyizie juu ya nyama ya hoho.

Niandikie mchele unaoupata huko ni wa wapi na kama ni mpya au wa zamani, nikupe kipimo cha maji kinachoufaa. Na uniambie watoto wanavumilia pilipili kiasi gani, maana Salma mdogo wetu sijui amefikia wapi.

Wako,
Mwanaidi