Fram2 haikutua Ncha ya Kusini

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako tangu chuo cha ualimu na sijawahi kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ile taarifa yenu ya Fram2, safari ya anga ya watu wanne, iliyosema matajiri wanne wametua Ncha ya Kusini kutalii, imepotosha watoto wetu.

Hawakutua. Walipita juu ya ncha zote mbili, kwenye kimo cha kilomita zaidi ya 400, kisha Aprili 4, 2025 wakashukia Bahari ya Pasifiki, upande wa California. Na tajiri alikuwa mmoja, Chun Wang, aliyeilipia safari kwa mali aliyoipata kwenye bitcoin, sarafu ya kidijitali. Jannicke Mikkelsen wa Norwei ni mtengenezaji wa filamu, Rabea Rogge wa Ujerumani ni mtafiti wa roboti, na Eric Philips wa Australia huongoza misafara ya barafuni. Huko juu walikuwa na majaribio 22, likiwemo la kupiga eksirei ya mwili wa binadamu, jambo ambalo halikuwa limefanyika angani. Huo ndio utalii?

Nilipolieleza hili darasani, mwanafunzi wa kidato cha pili alisimama na ukurasa wenu mkononi. “Lakini mwalimu, imeandikwa gazetini.” Darasa zima likawa upande wake. Nikabaki nabishana na gazeti ambalo mimi mwenyewe ndiye ninayewahimiza walisome! Na kinachoniuma zaidi ni kwamba habari yenyewe mliiacha. Tangu Gagarin, binadamu wa kwanza angani, aende mwaka 1961, hakuna binadamu aliyekuwa ameizunguka dunia kwa kupita juu ya ncha. Tereshkova, mwanamke wa kwanza angani, mwaka 1963, njia yake iliinama nyuzi 65 kutoka ikweta. Kituo cha Kimataifa cha Anga huishia nyuzi 51.6, Fram2 ilikwenda nyuzi 90 kamili, yaani kutoka ncha hadi ncha. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, kwa hiyo roketi inayorushwa mashariki husukumwa na mwendo huo bila gharama. Inayoelekea kusini moja kwa moja haina msaada huo, lazima ijitegemee kwa mafuta yake. Mtoto wa kidato cha pili analielewa hili kwa dakika tano, akielezwa.

Tena sisi wa Kilifi ndio tungepaswa kulijua kuliko wengine. Ni kwa ajili ya ikweta, ambako msukumo huo wa dunia ni mkubwa zaidi, Waitaliano walijenga jukwaa lao la kurushia roketi baharini pale Ngomeni, na Desemba 12, 1970 setilaiti ya Uhuru ikaruka kutoka hapo kwenda kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Wanafunzi wangu hupita njia ya Ngomeni kwa matatu na hawana habari. Wangejulia wapi? Shule niliyofundisha awali ilikuwa na tufe la dunia moja tu, nalo lilikaa ofisini kwa mkuu kama pambo la wageni. Ukiliomba unaulizwa litarudi lini.

Naomba basi kila taarifa ya safari ya anga iambatane na mchoro mdogo wa tufe wenye mstari wa njia ya chombo, nyuzi za mwinamo, kimo kwa kilomita, mahali kiliporushwa na mahali kiliposhukia. Na masahihisho ya Fram2 yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, kabla shule hazijafungwa.

Mwalimu wa Jiografia,
Kilifi