Kazimoto tusimwamini kila neno

Mhariri, salaam. Mi nina hoja kuhusu Kichwamaji ya marehemu Kezilahabi, riwaya ya 1974, kwasababu kila nikisikia watu wanaiongelea wanamchukua Kazimoto, msimuliaji wake, kama shahidi wa mahakamani, akisema kijiji kimeoza basi kimeoza, akisema wanawake wako hivi basi wako hivi, halafu wanaruka moja kwa moja kwamba eti hayo ndo mawazo ya mwandishi mwenyewe. Jamani! Yule ni mtu mpweke, kasoma mpaka chuo kikuu, karudi nyumbani hana wa kuongea naye, na bado ana kisasi moyoni juu ya Manase, aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Sasa mtu wa namna hiyo anakusimulia kwa “mimi” kuanzia mwanzo, utamwamini kila kitu? Hata huyo Sabina, mke wa Kazimoto, tunamjua kwa macho ya Kazimoto tu, na Sabina ni dada wa huyohuyo Manase, kwahiyo ukisoma anavyompenda na anavyomshuku unashindwa kujua anamwona mke au anaona kisasi.

Shuleni tulikariri dhamira na wahusika basi, hakuna aliyetuuliza msimuliaji anaficha nini, mi mwenyewe nimekuja kushtuka mwaka jana nikiirudia (nakala ya kuazima, jalada limechanika). Walimu wa fasihi mnaosoma gazeti hili, wapeni wanafunzi swali hilo moja kwenye mtihani muone majibu.

Msomaji wenu wa kila Jumapili,
Mwanza