Mtoto Anapotoka Getini: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, walezi wa chama, na wageni wetu kutoka ustawi wa jamii: Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum, na kwa wote habari za asubuhi. Nawashukuru waliotoka Magu na Misungwi alfajiri, na akina mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, walioacha meza zao siku ya soko ili wawe nasi hapa.

Makabrasha ya mapato na matumizi mnayo mikononi. Mweka hazina atayapitia baada yangu, kwa hiyo mimi sitayagusa ila pale yanapogusa hoja yangu. Hoja yenyewe ni moja. Naomba mkutano huu ukubali kwamba kuanzia mwaka ujao nguvu kubwa ya chama iende kwenye siku mtoto anayeishi gerezani na mama yake mfungwa anapotoka humo, pamoja na miezi inayoitangulia siku hiyo na ile inayoifuata. Zawadi za sikukuu tutaendelea kupeleka, ila zisiwe ndiyo kazi yetu kuu.

Kwa wanachama wapya nieleze kidogo watoto hawa hufikaje mle ndani. Sheria ya Magereza ya 1967 inaruhusu mtoto anayenyonya kupokewa gerezani pamoja na mama yake na kupatiwa mahitaji kwa gharama ya serikali. Akishaachishwa ziwa, mkuu wa gereza anatakiwa kumkabidhi kwa ndugu walio tayari kumlea, na wasipopatikana anakabidhiwa kwa ustawi wa jamii. Mtoto huyu hana kosa wala hajahukumiwa na mtu. Kanuni za Bangkok kuhusu wafungwa wanawake, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinasema mtoto aliye gerezani na mama yake asitendewe kamwe kama mfungwa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao nchi yetu ya Tanzania iliuridhia mwaka 2003, umetenga ibara nzima ya 30 kwa ajili ya mama mjamzito na mama mwenye mtoto mchanga aliyepatikana na hatia: mahakama ifikirie kwanza adhabu isiyo ya kifungo.

Sasa tazameni jinsi mambo yote yalivyofungwa kwenye ziwa. Mama anayejua kwamba mwanawe akiacha kunyonya ndipo wataachana, atamwachisha vipi kwa moyo mweupe? Wapo waliotuambia wazi kwamba wanashikilia kunyonyesha hata mtoto anapokuwa tayari anamaliza sahani ya ugali, na akiulizwa kama mtoto anakula, mama hujibu "bado bado". Mimi simlaumu. Wataalamu wa lishe wenyewe wanashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Lakini shida inayotokana na hofu hiyo ni kubwa: kwa kuwa hakuna anayetaka kuizungumzia siku ya kuachana, siku hiyo inafika bila mtu yeyote kuwa tayari. Ndugu anapigiwa simu, anakuja mtu ambaye mtoto hajawahi kumwona, mtoto anabebwa akilia, na geti linafungwa.

Niwasimulie kisa kimoja, nikificha yanayopasa kufichwa. Msichana mdogo alichukuliwa na bibi yake ng'ambo ya ghuba. Bibi ni mtu mwema, nyumba ni safi, chakula kipo. Wiki ya kwanza bibi alitupigia simu akihofu mtoto ana ugonjwa wa kichwa. Kila jioni, jua likiwa bado halijazama, mtoto aliacha kucheza, akachukua kikombe chake, akaenda kuchuchumaa kando ya ukuta na kunyamaza. Akiitwa haji. Akibebwa analia na kurudi palepale. Mwenzetu wa kamati ya ufuatiliaji alipofika na kukaa hadi jioni, alielewa papo hapo. Mtoto alikuwa anasubiri kuhesabiwa. Ndiyo saa ambayo akina mama hukaa mstari wakahesabiwa kabla ya kufungiwa, naye tangu azaliwe hakujua jioni nyingine. Bibi alilia sana alipoelezwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna semina iliyomfundisha: jioni iliyofuata alichukua kikombe chake mwenyewe, akaenda kukaa kando ya mtoto, akahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tumetimia, twende tukale." Aliendelea hivyo siku nyingi, mpaka ukafika wakati mtoto hakuukumbuka tena ule ukuta.

Mtoto huyohuyo aliwaogopa ng'ombe na kila mwanaume mwenye sauti nzito, na hakuweza kulala penye giza kwa sababu alizoea kulala penye taa. Angekuwa amefahamiana na bibi mapema, na bibi akawa ameelezwa mapema, mengi ya haya yangepungua makali.

Ndiyo maana kamati ya utendaji imeandaa utaratibu mnaoletewa leo. Ndugu atafutwe mtoto akiwa bado anatambaa, wala tusingoje aachishwe ziwa. Afisa ustawi wa jamii aikague nyumba na kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa. Kisha mlezi huyo aje kumtembelea mtoto zaidi ya mara moja, ambebe, amlishe, amzoeze sauti yake, kwa ruhusa na ratiba ya gereza. Mama naye aulizwe mambo ambayo hayaandikwi kwenye fomu yoyote: humwimbia nini akilala, humwita jina gani la kumbembeleza, nini humtuliza akishtuka usiku. Mama mmoja aliomba khanga yake aliyoingia nayo itolewe stoo imfuate mtoto. Ikatolewa. Mtoto alilala juu yake wiki nzima. Askari wa kike waliosimamia jambo hilo nawashukuru sana; wengi wao ni mama, na wanabeba mzigo ambao sisi wa nje huuona siku za ziara tu.

Nauli ndiyo inayokula fedha, na hapo makabrasha yenu yatawaonyesha. Kwa familia za Sengerema na Geita mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025; zamani bibi mzee aliweza kumaliza nusu siku akisubiri kivuko. Kwa walio visiwani Ukerewe safari bado ni ya meli au boti, na pengine kulala mjini usiku mmoja. Napendekeza fungu la nauli liwe la kwanza kutengwa, kabla hatujanunua katoni hata moja ya soda za sikukuu. Nauli hiyo ilipwe pia mtoto anaporudi kumwona mama yake. Mtoto akitolewa gerezani na asirudishwe kumwona mama kwa miaka miwili, siku mama anayotoka huyo mtoto humkimbia kama mgeni, na tumeyaona hayo kwa macho.

Kuhusu karatasi niseme kwa ufupi. Mtoto asitoke bila kadi ya kliniki, maana chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, na mlezi asipoiona kadi hajui kipi kimebaki. Asitoke pia bila cheti cha kuzaliwa. Kwa walio chini ya miaka mitano RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, inawasajili bila malipo kupitia ofisi za kata na vituo vya afya vya serikali, hivyo hatuna kisingizio. Na wanaoogopa kwamba cheti kitamtangaza mtoto wajue kuwa Kanuni za Nelson Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinasema mtoto akizaliwa gerezani, jambo hilo lisiandikwe kwenye cheti chake.

Wapo waliopendekeza kwenye kamati kwamba familia inayompokea mtoto ilipwe fedha taslimu kila mwezi. Tulibishana sana, na heshima ilikuwepo. Msimamo wangu mnaujua: sikubali. Tumekutana na jamaa waliojitokeza haraka mno waliposikia kuna chama, na hawakuuliza hata jina la mtoto kabla ya kuuliza kiasi. Mwingine alitaka mtoto wa kumsaidia kuchunga akikua. Afadhali tumpe bibi mbegu za viazi lishe, kuku wachache na bima ya afya ya mtoto, kisha tumtembelee mara kwa mara bila kumpigia simu kwanza. Najua upande wa pili una hoja yake, kwa sababu kuna bibi wanaolea wajukuu wengi kwa kuuza mchicha na fedha kidogo ingewapa pumzi. Mkutano uamue. Ninalowasihi ni kwamba makao ya watoto yawe ya mwisho kabisa, baada ya ndugu wa baba na wa mama kutafutwa kweli. Tumewahi kumpata baba, mvuvi wa visiwani, ambaye hakujua kabisa kwamba ana mtoto. Alikuja na dada yake siku ya tatu baada ya kupata habari.

Jambo la unyanyapaa linaniuma. Kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo, sitakitaja, kilimkataa mtoto kwa maneno kwamba "wazazi wengine watalalamika". Watalalamika nini? Mtoto wa miaka mitatu amemwibia nani? Tumempatia nafasi kwingine, lakini nawaomba wanachama walimu mtusaidie kuwafikia wenzenu wa madarasa ya awali kabla Januari haijafika. Na sisi wenyewe tuache kusema "watoto wa jela" kwenye vikao vyetu. Wana majina.

Kuna kazi nyingine tuliyoianza kwa unyonge na ambayo imetupa matunda kuliko tulivyotarajia: kuzuia mtoto asiingie kabisa. Akina mama wengine ni mahabusu tu, kesi zao hazijaisha. Dhamana ni haki kwa makosa yanayodhaminika, lakini mama aliyekamatiwa mjini, na ndugu zake wako Kwimba, hana wa kumdhamini. Wanachama wetu wamekuwa wakiwatafuta ndugu, kuwaelekeza kuchukua barua ya utambulisho kwa serikali ya mtaa na kuja na vitambulisho vyao vya taifa (NIDA) mahakamani. Hatudhamini sisi wenyewe, tunaunganisha. Kwa waliokwisha kutiwa hatiani kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitatu inampa hakimu nafasi ya kuamuru kazi za jamii badala ya jela. Mama atafagia zahanati au kufyeka uwanja wa shule, na jioni atalala na mwanawe kwake. Afisa uangalizi huandaa ripoti kwa ajili hiyo, naye hawezi kuandika asichokijua: kwamba mama ana mtoto wa miezi minne, kwamba ana makazi, kwamba majirani wanamkubali. Hapo wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wametufaa mno. Misamaha ya Rais ya Aprili 26 na Desemba 9 mara nyingi hutaja walioingia na mimba au na watoto wanaonyonya, na familia inapaswa kuwa imeandaliwa kabla ya tarehe hizo, maana mama anaweza kujikuta nje jioni hiyohiyo akiwa na mtoto mgongoni na hana pa kwenda.

Kwa akina mama wa Mwaloni, neno la pekee. Dagaa mnaotoa kwa ajili ya unga wa uji mmewaanika kwenye vichanja badala ya mchangani, na tofauti imeonekana kwenye vikombe vya watoto: uji hauna chenga tena. Endeleeni hivyo, na mtuletee bei ya magunia kabla ya msimu kupanda.

Maamuzi yanayohitajika leo ni fungu la nauli, suala la fedha taslimu kwa walezi, na wajumbe wawili wa kuongeza kamati ya ufuatiliaji, mmoja wao awe anayeweza kusafiri kwenda visiwani. Pia tunahitaji watu wa zamu za Sengerema kuanzia mwezi ujao. Anayeweza, hata kwa siku moja tu ya mwezi, aandikishe jina na namba yake kwa katibu kabla hatujaenda kula.