Kabla hujalipia hilo trekta

St. Cloud, Minnesota
Jumanne usiku

Mwanangu,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Sisi huku wazima, ila mgongo wa baba yako umeanza tena maneno yake. Picha zako mbili za matrekta unayofikiria kununua huko Duluth, ya kulimia bustani na kuondoa theluji, nimezipata. Nimezitazama asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikazitazama tena saa ya chai, mpaka wenzangu wakadhani nimepata mjukuu. Ningekupigia simu, lakini mambo ya chuma hayafai simu. Utaniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku unafanya lako. Bora nikuandikie, uende na karatasi mkononi.

Picha ya kwanza: trekta la miaka 6, linang'aa, dola 1,400. Picha ya pili: John Deere 318, kiti kimechanika, kutu hapa na pale, dola 2,600 pamoja na rotaveta ya kulimia na kirusha theluji. Kwenye ile ya kwanza umeandika "limetunzwa sana". Kwenye ya pili umeandika "zee hili". Basi mimi nasema kaanze na hilo zee.

Hilo linalong'aa si trekta la bustani, mwanangu. Ni mashine ya kukata nyasi iliyowekewa usukani. Tazama matairi ya nyuma kwenye picha: rimu yake ni ya inchi 8, wakati ya trekta la bustani kwa kawaida ni 12. Chini ya boneti, fremu ni bati lililokunjwa. Na giaboksi yake ni ya haidroliki, yaani presha ya oili ndiyo inayosukuma magurudumu, tena ndogo, imefungwa moja kwa moja. Mara nyingi haina hata nati ya kumwagia oili. Imetengenezwa kubeba mtu na visu vya nyasi kwenye tambarare, basi. Ukiifungia kitu kinachochimba udongo, oili ndani inachemka, inakuwa nyepesi kama maji, na presha inapotea. Kwanza utaona linasitasita likipanda mlima. Halafu siku moja unakanyaga, injini inanguruma, na trekta limesimama palepale.

Unakumbuka ile mashine yangu ya kwanza? Ulikuwa darasa la saba. Muuzaji aliniapia inafaa kwa kila kazi, nami nikaipenda kwa sababu ilikuwa na mahali pa kuweka kikombe cha chai. Majira ya kuchipua ya pili ilinifia katikati ya bustani, nusu imelimwa, nusu ni nyasi. Fundi alisema giaboksi mpya inakaribia bei ya mashine nzima. Mwaka ule maharage niliyapanda kwa jembe la mkono, na baba yako akawa ananiuliza kila asubuhi kama chai imekaa vizuri kwenye kikombe.

Na aibu kubwa ni kwamba nilikuwa nimefundishwa. Babu yako alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge Korogwe. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana nikamkuta chini ya Massey Ferguson 135, miguu tu ndiyo inaonekana. Watu wakimletea trekta la kununua alikagua, na bei hakuiulizia kwanza. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya vidole viwili, akainusa. Ikinuka kuungua, alirudisha kijiti, akafuta mkono na kuondoka, hata kuaga haagi.

Kwa hiyo, kwa huyu muuzaji wa 318. Mwambie kabla hujatoka nyumbani asiwashe injini mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna anachokificha. Injini iliyokwisha kupashwa moto hukubali kuwaka mbele ya mgeni. Chomoa kijiti cha oili, fanya alivyofanya babu. Oili nyeusi si kesi. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Likiwaka, simama nyuma utazame moshi. Wa buluu unaopotea baada ya muda mfupi unavumilika kwa umri ule. Wa buluu usioisha, injini inakula oili, na hapo ndipo tatizo.

Maana matrekta hayo yalitengenezwa kati ya 1983 na 1992, na injini yake ya Onan, silinda mbili zilizopeana migongo, nguvu farasi 18, haitengenezwi tena. Ni injini tamu, inanguruma taratibu kama pusi aliyeshiba, lakini spea zake ni ghali na huzikuti dukani tu. Tena inapozwa kwa hewa, na panya wa Minnesota wanapenda kujenga viota ndani ya bati linalofunika mapezi ya silinda, yale ya kupoozea. Hewa ikizibwa, injini inajichemsha yenyewe. Muulize: mara ya mwisho ulifungua bati hili lini? Anayejua mashine yake atakujibu kabla hujamaliza swali. Asiyejua atatazama angani.

Usinisikie vibaya, mimi siabudu hilo 318. Ukikutana na Wheel Horse la zamani au Cub Cadet lenye injini ya Kohler ya silinda moja, ya chuma cha kumimina, usilidharau kwa kuwa ni farasi 10 au 12. Langu la sasa ni Wheel Horse la gia, na kwenye gia ya chini kabisa linatembea kwa mwendo wa bibi harusi, ndivyo rotaveta inavyotaka. Watu wa mjini wanahesabu farasi. Wewe hesabu uzito, na utazame nguvu hiyo inafikaje kwenye magurudumu.

Sasa kipimo ambacho sitaki ukiruke hata kama mvua inanyesha. 318 nalo ni la haidroliki, ila ni la kazi nzito. Haidroliki iliyochoka hudanganya ikiwa baridi. Kwa hiyo liendeshe nusu saa nzima. Zungukazunguka, rudi nyuma, nenda mbele, muuzaji akuchoke. Oili ikishapata moto, lipeleke mlimani, na huko Duluth milima haikosekani. Simama katikati, kisha uanze kupanda upya. Likipanda bila kusita, unaweza kuanza kuzungumza bei. Likilia kama mbu na kuvuta miguu, mshukuru, rudi nyumbani. Na upande mlima kwa kunyooka, uteremke kwa kunyooka. Usilipitishe kwa ubavu, yanabiringika hayo.

Kwenye kirusha theluji, angalia zile bolti za kwenye mhimili wa skrubu kubwa ya mbele. Zinawekwa dhaifu kwa makusudi, ili ukimeza jiwe au gazeti lililoganda ikatike bolti ya senti kadhaa, giaboksi ipone. Watu wakichoka kubadilisha wanaweka bolti ngumu. Ukiona kichwa chake kina mistari sita, hiyo ni ngumu sana, na ujue kitakachokatika sasa ni kitu kingine. Injini ikiwa imezimwa, zungusha skrubu kwa mkono usikilize giaboksi yake. Kwenye rotaveta, tazama meno. Yakiwa yameliwa mpaka yamekuwa kama vijiko, punguza bei.

Halafu mwambie akuonyeshe mabano yote ya kufungia vifaa, mikanda yote, pini zote, vitu hivyo vimelala chini mbele yako. Bora zaidi, mwombe avifunge mbele yako. Bano moja likikosekana kwenye trekta la miaka 35, utalitafuta majira yote. Ndiyo maana bei ya 2,600 hainitishi: vifaa hivyo viwili ukivitafuta kimoja kimoja vinaweza kula fedha nyingi kuliko trekta lenyewe.

Kumwona akivifunga kuna faida nyingine. Trekta moja kwa kazi mbili linasikika rahisi mpaka siku ya kubadilisha. Rotaveta inatoka nyuma, kirusha theluji kinaingia mbele, vyote vizito, vidole vimekufa ganzi, gereji ina taa moja. Na kwenu baridi haingoji ratiba. Wazee wa huko bado wanasimulia dhoruba ya theluji ya Halloween, ile sikukuu ya maboga, ya 1991: ilianza Oktoba 31, na Duluth ilipokea karibu inchi 37. Watu walikuwa na maboga mlangoni bado. Kwa hiyo uliza moyo wako: naweza kubadilisha hivi peke yangu, jioni moja, bila kumwita mtu? Kama hapana, nunua mashine mbili ndogo za kusukuma kwa mkono, ya kulimia na ya theluji, wala sitakucheka. Kwa nusu ekari inawezekana kabisa.

Uliniuliza kuhusu bapa la kusukuma, kama la greda, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ni kweli, na halina cha kuharibika. Lakini theluji unayoisukuma lazima iwe na pa kulala. Msimu wa 2022 hadi 2023 Duluth ilipata zaidi ya inchi 140, urefu wa watu wawili. Njia yako ya gari ina ua upande huu na ukuta wa jirani upande ule. Ukifika Januari utakuwa unasukuma mlima kwenye mlima. Wewe unahitaji ya kurusha. Tena lile bonge linaloachwa na greda la mji mdomoni mwa njia yako, limechanganyika na chumvi, limekuwa zege, utalitafuna polepole kwa nusu upana.

Minyororo ya matairi ya nyuma ni lazima, pamoja na vyuma vya uzito kwenye rimu. Petroli, tafuta ile isiyo na ethanoli. Kwetu Minnesota inauzwa kwa ajili ya mashine ndogo kama hizi, na kabureta yako itakushukuru. Oili ya kiangazi ibadilishe kabla ya baridi, uweke oili nyepesi ya 5W-30, au asubuhi injini itakataa kuzunguka.

Bustani tutaongea tukionana. Ila udongo wenu ni mfinyanzi mwekundu wenye mawe, na hapo kwako ni nyasi, ardhi haijawahi kuvunjwa. Usitumbukize rotaveta yote mara ya kwanza. Pita juujuu, okota mawe, pita tena chini kidogo. Na usilime udongo ukiwa mbichi: finya konzi ya udongo, ukibaki donge linalong'aa, rudi ndani unywe chai. Sukuma wiki itavumilia baridi ya mwanzo, mchicha ungoje Juni.

Na hili nalisema kama mama yako, sisemi kama binti wa fundi. Bomba la kurushia likiziba, zima injini, toa ufunguo, ngoja visimame vyote, kisha zibua kwa kijiti. Mkono hauingii mle. Hata ukiwa umevaa glavu. Hata ukiwa umechelewa kazini. Mikono hiyo nimeikata kucha mimi.

Jumamosi nitakuja na trela ya jirani yetu, ina ngazi ya kupandishia na mikanda ya kufungia. Nitafika kwenye saa nne asubuhi. Mwambie muuzaji tunakuja wawili, mmoja ni mama mtu mzima anayependa kunusa oili. Fedha ziache mfukoni mpaka nifike, na usimwoneshe kama umelipenda.

Mama yako