Usimwokoe Cordelia

Birmingham, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleykum. Hujambo wewe, hawajambo watoto? Na mama, goti lake linaendeleaje? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku na zamu za usiku vimeniandama, ndiyo maana umeona kimya kirefu. Najua umeshaanza kununa. Nuna baadaye, kwanza nisome.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, kisha nikashindwa kulala. Unasema kamati imekaa, Mzee Athumani amesema neno lake, na mmekubaliana kwamba katika King Lear yenu, ile tamthilia ya Shakespeare, Cordelia, binti mdogo wa mfalme Lear, asife kama alivyoandikwa. Afumbue macho, baba yake amkumbatie, ngoma ipigwe, watu waende zao na furaha ya Idi.

Mwanaidi, nakuomba sana. Usimwokoe Cordelia.

Mzee Athumani nampa haki yake, maana wazo lake lina watu wakubwa nyuma yake. Mwaka 1681 mshairi Nahum Tate aliichukua tamthilia hii akaifumua na kuishona upya. Mfalme wa Ufaransa, mume wa Cordelia, akamtoa. Yule mchekeshaji wa mfalme akamtoa. Akawafanya Cordelia na Edgar, mwana wa mzee Gloucester, wapendane, na mwishoni Lear anarudishiwa ufalme, anawakabidhi hao wawili, kisha anakwenda kupumzika na wazee wenzake. Watu wa London waliipenda. Kwa takriban miaka 150 hiyo ndiyo Lear iliyochezwa jukwaani. Mtu aliweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa bila kumwona Cordelia maiti. Na mfalme wao mwenyewe, George wa Tatu, alipougua akili, majumba ya maigizo yakaacha kabisa kuicheza, kwa kuwa Lear naye anarukwa na akili, mpaka alipofariki mwaka 1820. Mwigizaji Edmund Kean akathubutu kurudisha kifo mwaka 1823, na mwaka 1838 mwigizaji mwenzake William Macready akamrudisha mchekeshaji, nafasi hiyo akampa msichana, Priscilla Horton. Hilo la mwisho mwambie Saumu, maana nasikia vijana wanamwambia nafasi hiyo si ya kike.

Hata Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi, aliandika katika toleo lake la 1765 kwamba miaka mingi nyuma kifo cha Cordelia kilimshtua kiasi kwamba hajui kama aliwahi kuvumilia kusoma tena kurasa zile za mwisho, hadi kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Kwa hiyo machozi ya Bi Zuhura kwenye mazoezi ni machozi yenye heshima. Mpe pole zangu.

Lakini sikiliza hili, na ikiwezekana wasomee kamati. Hadithi ya Lear ilikuwapo karne nyingi kabla ya Shakespeare. Geoffrey wa Monmouth aliiandika kwa Kilatini katika karne ya 12, na kwake mzee anashinda vita, anarudi kwenye kiti, anatawala miaka mitatu, kisha binti anarithi. Msiba wa binti unakuja miaka baadaye, mzee ameshazikwa. Mwaka 1605, muda mfupi tu kabla ya Shakespeare, ilichapwa tamthilia nyingine, King Leir, haina jina la mtunzi, na humo nako mzee anarudishiwa ufalme na binti yake yu hai. Sasa fikiria wale waliokaa mbele ya Mfalme James katika jumba lake la Whitehall, London, usiku wa tarehe 26 Desemba 1606. Wengi wao walijua hadithi hii inaishaje. Walikuwa wanasubiri mzee ashinde! Shakespeare akawafikisha mlangoni kabisa mwa ushindi, kisha akamleta Lear na maiti mikononi. Alijua mwisho mzuri upo, akaukataa kwa makusudi.

Na namna alivyoukataa ndiyo inayoninyima usingizi. Cordelia hafi kwa kukosa wa kumwokoa. Anakufa kwa kuchelewa. Edmund, ndugu mwovu wa Edgar, ameshatoa amri ya siri auawe, naye amelala chini na jeraha, anaanza kulainika moyo, lakini badala ya kuifichua amri hiyo anamwambia Edgar aendelee kusimulia. Edgar anasimulia. Wote wanasikiliza. Anaingia Kent, mtu mwaminifu wa Lear, anamuulizia bwana wake, ndipo Albany, mkwe wa Lear, anashtuka: jambo kubwa namna hii tumelisahau! Hata hapo wanashughulika kwanza na maiti za Goneril na Regan, dada zake Cordelia. Mbio zinapoanza, Albany anaiomba miungu imlinde yule binti, na kinachofuata mlangoni ni Lear amembeba. Ukimfufua Cordelia, kusahau kwao kunakuwa hakujamgharimu mtu chochote. Mimi nakesha na wazee usiku kucha, unajua kazi yangu. Nimeona watu wazuri, wenye mapenzi ya kweli, wakija siku moja baada ya siku iliyotakiwa. Sitaki vijana wako wawafiche watazamaji jambo hilo.

Haya, la pili, lile swali uliloniuliza nikakaa kimya: kitabu kipi mfuate. Jibu refu kidogo, vumilia. Kuna Lear mbili. Moja ni kile kitabu kidogo cha 1608, nyingine iko ndani ya kitabu kikubwa cha 1623 ambacho waigizaji wenzake walikitoa Shakespeare akiwa ameshakufa. Cha 1608 kina mistari karibu 300 isiyomo katika kile kikubwa, na kile kikubwa kina kama 100 isiyomo kwenye kidogo. Wahariri kuanzia karne ya 18 walizichanganya wakapata Lear moja ndefu, na hiyo ndiyo iliyomo katika kile kitabu chako chenye jalada lililochanika. Mwaka 1986 Stanley Wells na Gary Taylor wakatoa toleo la Oxford lenye Lear zote mbili, kila moja peke yake, kwa hoja kwamba Shakespeare aliipitia tena kazi yake. Brian Vickers akawapinga mwaka 2016 kwa kitabu kizima: tamthilia ni moja, wachapaji na waigizaji ndio walioipunguza. Wanaendelea kuvutana. Mimi nina toleo la Arden la 1997 alilohariri R. A. Foakes, limechapwa kama tamthilia moja, ila alama ndogo juu ya mistari zinakuonyesha ipi imetoka wapi. Nitakupigia picha kurasa zote za sehemu ya tano, maana mwisho wenyewe unatofautiana. Katika cha 1608 Lear anauambia moyo upasuke, na maneno ya kufunga tamthilia anayasema Albany. Katika cha 1623 anasema tazameni midomo yake, tazameni pale, na anakufa akitazama. Anayefunga ni Edgar. Mhakiki A. C. Bradley, mwaka 1904, aliamini kwamba mzee hapo anakufa kwa furaha, akidhani binti anapumua.

Umeona? Huo ndio mwisho wa kumpa Mzee Athumani! Lear anaona uhai, au anadhani anauona, na ukumbi mzima unajua ukweli. Fuateni cha 1623, ni kifupi na vijana watakihifadhi. Ila kwa mkono mwingine nakuomba uibe kitu kimoja kutoka cha 1608: wale watumishi wawili. Gloucester ametobolewa macho, mtumishi aliyejaribu kuzuia ameuawa, na wawili waliobaki, hata majina hawana, mmoja anasema atakwenda kuleta kitani na ute wa mayai ampake mzee usoni. Basi, ni hayo tu. Kile kikubwa hakina, na mwongozaji Peter Brook aliwakata pia kwenye onyesho lake la 1962. Wasomi watakukemea kwa kuchanganya. Wanikemee na mimi. Vijana wawili wasio na nafasi unao, akina Juma. Wape ute wa mayai.

Na kama vijana wanataka kubadilisha, wasizuiwe. Mjapani Akira Kurosawa katika filamu yake Ran ya 1985 aliwageuza mabinti kuwa wana wa kiume, akampa mzee wao historia ya damu: ngome alizochoma, koo alizofuta. Hapo unamhurumia na kumwogopa kwa wakati mmoja. Jane Smiley katika riwaya yake ya 1991 aliihamishia shambani Iowa, Marekani, na anayesimulia ni binti mkubwa, yule tunayemchukia siku zote, ambaye kumbe ana siri nzito ya mambo aliyotendewa na baba. Wote wawili waliongeza maswali juu ya mzee. Kurosawa hakumwokoa mtoto. Anapigwa risasi akiwa farasi mmoja na baba yake, wameshapatana. Waonyeshe Ran kabla ya mazoezi ya Alhamisi, Hamisi ana projekta.

Ukiwaambia Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi, naye alisema ile Leir ya zamani ni bora kuliko ya Shakespeare, Mzee Athumani atafurahi. Basi malizia: mwandishi Mwingereza George Orwell alijibu mwaka 1947 kwamba Tolstoy alichukizwa kwa sababu alijiona humo, mzee aliyekana mali yake, akatoroka nyumbani uzeeni, akafa safarini.

Sasa nijibu. Nani anamcheza Cordelia, ni yule mtoto wa Mwalimu Kombo au mmebadilisha? Lear ataweza kumbeba kweli, au mnaweka machela? Kamati imeshapiga kura au bado kuna nafasi, na nikimpigia Mzee Athumani mwenyewe atakasirika? Ile nakala yangu ya Makbeth, tafsiri ya Mushi ya mwaka 1968, Bakari ameirudisha? Nayo unayo wewe au imeshafika Malindi? Na Idi yenyewe mnacheza siku ya pili au ya tatu, maana nataka nibadilishane zamu nitazame kwenye simu?

Nisalimie wote. Nitumie majibu hata kwa sauti, lakini yawe kabla ya Alhamisi.

Ni mimi shoga yako,
Tatu