Mabaka ya ngozi yachunguzwe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu nyurofibromatosi, ugonjwa wa kijenetiki unaoleta uvimbe kwenye mishipa ya fahamu. Aina ya kwanza humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Hapa Moshi bado wapo wanaosema ni kurogwa au laana ya ukoo. Inaumiza sana, kwani karibu nusu ya wagonjwa hawakurithi kwa yeyote; hitilafu ya jeni imeanzia kwao.

Dalili huonekana mapema: mabaka sita au zaidi ya kahawia ngozini. Wauguzi wa kliniki, wanapompima mtoto uzito, wayatafute na kumpa rufaa hospitali ya KCMC. Macho yake yapimwe kila mwaka, kwani uvimbe wa mshipa wa fahamu wa jicho hujitokeza zaidi kabla ya miaka 7.

Mzazi,
Moshi